Hatua Sita kwa Mbili

Kati ya ukuta na mfuniko wa chemba
kuna ardhi, hatua sita kwa mbili.
Niliipima kwa kandambili zangu
siku ile Mkwizu, mwenye nyumba, aliposema,
"Panda, Salvina, ila usinichimbie msingi."

Mchanga wa Kisukulu haushiki maji.
Ukiumwagilia, hayaonekani tena,
kama mkopo wa shemeji.
Nikaenda kwa wafuga ng'ombe, Kinyerezi,
nikarudi na viroba viwili vya samadi kwenye bodaboda,
dereva kaziba pua kwa kola ya shati.
Akanidai elfu moja zaidi. Ya harufu, alisema.
Nikamlipa. Harufu ile ndiyo tunayoila.

Vuli ilikuja kwa kudokoa:
manyunyu alfajiri, jua saa tatu, basi.
Mchicha haukujali.
Siku ya nne ulikuwa vumbi la kijani juu ya udongo,
siku ya ishirini na moja nikaung'oa na mizizi yake,
nikaupika kwa kitunguu kimoja na nazi nusu.
Nuhu, mtoto asiyekula majani, alikomba sufuria,
akauliza, "Mama, leo umenunua wapi?"
Sikumjibu upesi.
Niliacha swali likolee kwanza.

Januari: joto, ada, mgao wa maji.
Maji ya kuoshea mchele ni ya nyanya chungu.
Maji ya kusuuzia vyombo ni ya matembele.
Maji ya kuogea, naomba radhi, ni ya mpapai.
Bamia peke yake hulifurahia jua hili,
husimama wima, vidole juu,
na ukichelewa siku moja,
moja tu,
inakuwa kuni.

Kuku wa Mama Shabia hulijua pengo la uzio kabla yangu.
"Kuku hawajui mipaka," anasema.
"Kisu kinaijua," nasema.
Tunacheka, kila mtu kwa sababu yake,
na jioni nampelekea fungu la mnavu,
naye ananirudishia sahani ikiwa na mayai matatu.

Masika hayabishi hodi.
Usiku mmoja wa Aprili yalipiga bati hadi adhana,
kulipokucha tuta la bilinganya limehamia barabarani
na kiatu cha Nuhu kinaelea kwenye mtaro.
Nililia kidogo.
Wiki iliyofuata nikauona mlenda,
ambao sikuupanda, umeota kila mahali
kama watu wa msibani: hawakualikwa, na wanafaa.
Tuliula kwa ugali wa muhogo mpaka Mei,
tukivuta kamba kutoka bakuli hadi kidevu,
Nuhu akiwa mwamuzi wa nani kamba yake haikatiki.

Kisha kipupwe, asubuhi zinazotaka khanga ya pili,
Mkwizu akaja na fundi na futi ya kupimia.
Fremu za maduka. Mbili.
"Hatua nne nachukua. Mbili nakuachia."
Sikubembeleza. Nyumba si yangu.
Nikachukua kisu, nikakata marando.
Tembele halingoji mbegu: likate, lichomeke,
lenyewe litakumbuka la kufanya.
Nikalichomeka kwenye ndoo za rangi,
kwenye beseni lililopasuka, kwenye tairi la bajaji,
nikazipanga ndoo hadi mlangoni kwa wapangaji wa nyuma,
wakalalamika, wakachuma.

Fundi Chiduo alikula kwangu siku tatu,
wali, matembele ya nazi, pilipili mbuzi pembeni.
Hakusifu. Aliomba ukoko.
Siku ya nne, alipofunga mfereji wa bati la fremu,
aliuelekeza, bila kuulizwa,
kwenye pipa langu.

Sasa ni Oktoba.
Nina hatua mbili kwa mbili na ndoo kumi na moja.
Wingu limekaa upande wa Pugu tangu juzi, halisemi kitu.
Pipa ni tupu.
Nuhu analigonga kila akipita,
anategea sikio, anaenda shule.